Unene wa Waya: Somo la Umeme kutoka katika Gari la Safari

Utangulizi

Katika karakana za Arusha na Nairobi wamo mafundi ambao kazi yao ni kuyageuza magari ya kawaida yawe magari ya safari. Gari hurefushwa, paa hukatwa na kuwekewa mfuniko unaoinuka, na ndani hutiwa viti, makabati, friji, taa na soketi za kuchajia simu na kamera. Baadhi ya magari hayo huwekewa pia hema juu ya paa au kitanda ndani, ili wasafiri wapate kulala humo humo porini. Huko Ulaya, Marekani na Australia kazi ya namna hii hufanywa hata na watu wasio mafundi: mtu hununua gari la kubebea mizigo, akaligeuza kuwa nyumba ndogo yenye magurudumu.

Kote huko anayetia umeme katika gari hukabiliwa na swali moja: waya wa unene gani utumike? Swali hili laonekana dogo. Aghalabu hujibiwa kwa mazoea, au kwa kuchukua waya wowote uliopo dukani. Lakini jibu likikosewa, chakula huharibika, vifaa vizima hutupwa kwa kudhaniwa ni vibovu, na pengine gari huteketea kwa moto. Jambo la kutia moyo ni kwamba hesabu inayohitajika haizidi ile ambayo mwanafunzi wa sekondari hufundishwa katika somo la umeme.

Fumbo la friji ya jioni

Na ichukuliwe kwamba gari moja la safari limeondoka Arusha asubuhi, likapita Karatu na Ngorongoro, na jioni likafika kambini Seronera, katikati ya Serengeti. Nyuma ya gari imo friji ya volti 12. Waya wake umetoka katika betri iliyo mbele, ukapita chini ya zulia mpaka nyuma, mwendo wa mita 6. Ni waya wa shaba wenye eneo la mkato la milimita 1 ya mraba.

Mchana kutwa friji ilifanya kazi bila matata. Jioni injini ilipozimwa, friji ilianza kusita: kompresa yainguruma kidogo, yanyamaza, na baada ya muda yajaribu tena, yanyamaza tena. Asubuhi nyama imeharibika. Gari liliporudi mjini, fundi aliichomoa plagi ya friji, akapima volteji katika soketi, akapata volti 12.2. Akatoa hukumu kwamba waya hauna kasoro, mbovu ni friji. Mwenye gari akanunua friji mpya. Safari iliyofuata, friji mpya nayo ikafanya vile vile.

Kosa la fundi huyu halikuwa katika kipimo chake, kwa maana mita ilisema kweli. Alipima wakati ambao hakuna mkondo uliokuwa ukipita. Ili kuona kwa nini jambo hilo lina uzito, yapasa kwanza kurudi kwenye sheria za msingi.

Ukinzani wa waya

Georg Simon Ohm alikuwa mwalimu wa hisabati na fizikia katika shule ya sekondari mjini Köln, Ujerumani. Humo alifanya majaribio kwa nyaya za urefu na unene mbalimbali, na mwaka 1827 akachapisha sheria inayojulikana hata leo kwa jina lake. Waya wowote huupinga mkondo upitao ndani yake, na upinzani huo huitwa ukinzani. Volteji inayotumika kuusukuma mkondo katika waya ni sawa na mkondo mara ukinzani. Kwa alama:

V = I × R

ambapo V ni volteji kwa volti, I ni mkondo kwa ampea, na R ni ukinzani kwa omu.

Ukinzani wenyewe hufuata mambo matatu. Kwanza ni urefu: waya ukirefuka mara mbili, ukinzani huongezeka mara mbili. Pili ni unene: eneo la mkato likiongezeka mara mbili, ukinzani hupungua kwa nusu. Tatu ni aina ya metali. Kwa shaba iliyo katika joto la kawaida, waya wa urefu wa mita 1 na eneo la mkato la milimita 1 ya mraba una ukinzani wa omu 0.0175 hivi. Kwa hiyo:

R = 0.0175 × L ÷ A

ambapo L ni urefu kwa mita na A ni eneo la mkato kwa milimita za mraba.

Mwanafunzi aangalie sana maana ya L. Mkondo hutoka katika nguzo moja ya betri, hupita katika kifaa, kisha hurudi katika nguzo ya pili. Njia ya kurudi nayo ina ukinzani wake. Kwa hiyo kifaa kilicho umbali wa mita 6 kina waya wa mita 12. Wengi hukosea hapa, na jibu lao huwa nusu ya lile lililo sahihi.

Fumbo lafumbuliwa

Ukinzani wa waya wa ile friji ni 0.0175 × 12 ÷ 1, yaani omu 0.21. Ikiwa friji inapofanya kazi hutumia ampea 5, volteji inayopotea njiani ni 5 × 0.21, yaani volti 1.05. Ikiwa kompresa inapoanza huhitaji ampea 10 kwa kitambo kidogo, upungufu hufika volti 2.1.

Friji nyingi za namna hii zina kilinzi cha betri, ambacho huizima kompresa volteji ishukapo chini ya kiwango fulani, mathalani volti 10.4. Mchana injini ikizunguka, altaneta huipa betri volti 14 hivi. Ukitoa 2.1, friji hupata 11.9 nayo huanza bila taabu. Jioni injini imezimwa, na betri imebaki na volti 12.2. Ukitoa 2.1, friji hupata 10.1 tu, na kilinzi huizima. Mara inapozimika, mkondo hukoma. Mkondo ukikoma, I ni sifuri, na I × R nayo ni sifuri: volteji katika soketi hurudi kuwa 12.2 kana kwamba hakuna lililotokea. Friji hujaribu tena, na mambo hujirudia mpaka asubuhi.

Basi yule fundi alipoichomoa friji ili apime, aliuondoa ugonjwa kabla ya kuutafuta. Upungufu wa volteji haupo pasipo mkondo. Waya sharti upimwe ukiwa kazini.

Kama waya ungekuwa wa milimita 6 za mraba, ukinzani ungekuwa omu 0.035. Hata kwa ampea 10 upungufu ungekuwa volti 0.35, na friji ingepata 11.85. Kilichohitajika kilikuwa mita 12 za waya mnene zaidi, wala si friji mpya.

Kwa nini gari hudai waya mnene kuliko nyumba

Mtu aliyezoea kazi ya umeme wa nyumbani hushangaa kuambiwa kwamba friji ndogo ya gari hutaka waya wa milimita 6 za mraba, hali taa za nyumba nzima hutosheka na 1.5. Sababu ni volteji. Nguvu ya umeme kwa wati ni volteji mara mkondo. Kifaa cha wati 60 kikitumia volti 230 huvuta ampea 0.26. Kifaa cha wati hizo hizo kikitumia volti 12 huvuta ampea 5, yaani mara 19 zaidi. Katika waya ule ule, upungufu wa volteji nao huwa mara 19 zaidi. Tena upungufu huo hutolewa katika volteji iliyo ndogo mara 19. Kwa hesabu ya asilimia, hasara huongezeka mara 19 na mara 19 tena, yaani zaidi ya mara 360.

Volti 2 zikipotea katika nyumba yenye volti 230, hakuna atakayetambua. Volti 2 zikipotea katika gari la volti 12, sehemu moja katika sita ya umeme imekwisha kabla ya kufika. Neno hili lahusu pia nyumba zinazotumia umeme wa jua kwa betri ya volti 12: nyumba ya mwalimu, zahanati ya kijiji au duka dogo.

Joto: swali la pili

Umeme unaopotea njiani hauendi bure. Mwaka 1841 James Prescott Joule, Mwingereza, alichapisha matokeo ya majaribio yake juu ya joto linalotokana na mkondo. Alionyesha kwamba joto hilo hufuata mraba wa mkondo:

P = I × I × R

ambapo P ni kiasi cha joto kwa wati. Neno mraba ndilo lenye hatari. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Mkondo ukiongezeka mara tatu, joto huongezeka mara tisa. Waya wa milimita 1 ya mraba ukipitisha ampea 10, kila mita yake hutoa joto la wati 1.75. Joto hilo hupotea hewani kwa urahisi. Waya huo huo ukipitisha ampea 30, kila mita hutoa wati 15.75. Mita moja na nusu ya waya huo basi hutoa joto karibu sawa na kile kifaa cha wati 25 ambacho fundi wa redio hulehemea risasi, na joto hilo limefichwa chini ya zulia.

Shaba yenyewe haiyeyuki mpaka ifike nyuzi 1085 za Selsiasi. Kinachoshindwa kwanza ni ganda. Ganda la kawaida la plastiki ya PVC hustahimili nyuzi 70 kwa kazi ya kudumu. Likizidishiwa joto hulainika, na waya chanya huweza kugusa bodi ya gari. Zaidi ya hayo, shaba ikipata moto ukinzani wake huongezeka: katika nyuzi 70 huwa umezidi ule wa nyuzi 20 kwa karibu sehemu moja katika tano. Joto huzaa ukinzani, na ukinzani huzaa joto.

Hivyo kila anayechagua waya hana budi kujiuliza maswali mawili yaliyo mbalimbali:

1. Je, waya huu utapitisha mkondo bila kupata moto kupita kiasi? Jibu hutegemea mkondo, unene, ganda, na mahali waya unapopita. Halitegemei urefu.

2. Je, waya huu utafikisha volteji ya kutosha? Jibu hutegemea mkondo, unene na urefu.

Kila swali hutoa unene wake, na fundi huchukua ule ulio mkubwa zaidi.

Jedwali la nyaya za shaba

Jedwali lifuatalo laonyesha, kwa kila unene, ukinzani wa mita moja na mkondo wa kudumu unaofaa kwa tahadhari. Limekusudiwa waya wenye ganda la PVC, uliopita mahali penye hewa, katika joto la nyuzi 30 hivi. Karibu na injini, au nyaya nyingi zinapofungwa pamoja, mkondo sharti upunguzwe. Mtengenezaji wa waya akitoa takwimu zake, hizo ndizo zifuatwe.

Milimita za mraba – omu kwa mita – ampea
1 – 0.0175 – 10
1.5 – 0.0117 – 15
2.5 – 0.0070 – 20
4 – 0.0044 – 30
6 – 0.0029 – 40
10 – 0.00175 – 60
16 – 0.0011 – 80
25 – 0.0007 – 110
35 – 0.0005 – 140

Ni upungufu kiasi gani unaoweza kuvumiliwa? Desturi iliyoenea katika kazi ya maboti na magari ya kulala ni asilimia 3 kwa vifaa visivyostahimili volteji ndogo, na mpaka asilimia 10 kwa vifaa visivyo na udhia. Asilimia 3 ya volti 12 ni volti 0.36. Mlinganyo wa unene ni huu:

A = 0.0175 × L × I ÷ upungufu unaoruhusiwa

Mifano mitatu

Mfano wa kwanza: taa. Gari lina taa sita za LED, kila moja wati 3. Jumla ni wati 18, yaani ampea 1.5. Taa ya mwisho iko mita 5 kutoka betri, basi L ni mita 10. Unene unaotakiwa ni 0.0175 × 10 × 1.5 ÷ 0.36, yaani milimita 0.73 za mraba. Waya wa 1 watosha, na kwa joto hauna hofu yoyote.

Mfano wa pili: friji. L ni mita 12 na mkondo ni ampea 5. Unene ni 0.0175 × 12 × 5 ÷ 0.36, yaani 2.9. Unene ufuatao unaopatikana dukani ni 4. Kwa kuwa kompresa huvuta zaidi inapoanza, fundi mwangalifu hupanda daraja moja na kuchukua 6. Kuna watengenezaji wa kompresa za volti 12 ambao hutoa kanuni nyepesi ya kukumbuka: milimita 1 ya mraba kwa kila mita ya umbali kutoka betri hadi friji. Kanuni hiyo nayo yatoa 6 kwa mita 6. Kama fundi angeliuliza swali la joto peke yake, jedwali lingemwambia kwamba waya wa 1 wafaa kwa ampea 5. Ndivyo alivyofanya yule wa mwanzo.

Mfano wa tatu: inveta. Mwenye gari ataka kutumia jagi la kuchemshia maji la volti 230 na wati 1000. Inveta hugeuza volti 12 kuwa 230, nayo hupoteza kiasi njiani. Ikiwa asilimia 85 tu ya umeme hufika, mkondo kutoka betri ni 1000 ÷ (12 × 0.85), yaani ampea 98. Inveta imewekwa umbali wa mita 1.5, basi L ni mita 3. Unene kwa upungufu wa volteji ni 0.0175 × 3 × 98 ÷ 0.36, yaani 14.3, na waya wa 16 ungeonekana kufaa. Lakini jedwali laonyesha kwamba waya wa 16 haufai kupitisha zaidi ya ampea 80. Wa 25 hupitisha 110, nao ungetosha kwa shida. Kwa kuacha nafasi ya fyuzi, fundi atachukua wa 35.

Mwanafunzi alinganishe mfano wa pili na wa tatu. Waya mrefu wenye mkondo mdogo huamuliwa na volteji. Waya mfupi wenye mkondo mkubwa huamuliwa na joto. Anayejua kanuni moja tu atapatia mara moja na kukosea mara ya pili, bila kujua sababu.

Fyuzi humlinda nani?

Watu wengi hudhani kwamba fyuzi huwekwa ili kulinda kifaa. Kazi yake ya kwanza ni kulinda waya. Betri ya gari ikiunganishwa nguzo kwa nguzo huweza kutoa mamia ya ampea, hata kupita elfu moja. Hakuna waya mwembamba unaoweza kustahimili hayo. Fyuzi ni kipande cha waya kilichofanywa kuwa dhaifu kwa makusudi, ili kikatike kwanza mahali palipo salama.

Kwa hiyo fyuzi huchaguliwa kwa masharti mawili: izidi mkondo wa kawaida wa kifaa, na isizidi mkondo unaofaa kwa waya. Kwa friji ya ampea 5 na waya wa 6, fyuzi ya 15 yafaa. Kwa inveta ya ampea 98 na waya wa 35, fyuzi ya 125 yafaa. Kama inveta ingepewa waya wa 25, fyuzi hiyo ya 125 ingeuzidi waya.

Hatari kubwa hutokea pale fyuzi inapokatika mara kwa mara. Fyuzi bapa za magari hutambulika kwa rangi: nyekundu ni ampea 10, buluu ni 15, njano ni 20, kijani ni 30. Fundi mwenye haraka huichomoa nyekundu, akatia ya kijani, na kifaa hufanya kazi. Lakini waya ni ule ule wa milimita 1 ya mraba. Tangu saa hiyo waya wenyewe ndio fyuzi, nao utakatika, kama utakatika, chini ya zulia au nyuma ya godoro. Wasafiri wanaolala humo usiku wamelala juu ya hesabu iliyokosewa.

Fyuzi huwekwa karibu kabisa na nguzo chanya ya betri, isizidi shubiri moja hivi. Sehemu ya waya iliyo kati ya betri na fyuzi haina mlinzi.

Waya hafifu na viungo vibovu

Hesabu nzuri huweza kuharibiwa na waya usio wa kweli. Zipo nyaya zinazouzwa zikiwa na rangi ya shaba, lakini ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Ukinzani wake ni zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa shaba tupu. Mnunuzi akwangue uzi mmoja kwa kisu: ukionekana mweupe ndani, si shaba.

Vipimo navyo huchanganya. Nyaya za Kimarekani huitwa kwa namba, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo waya unavyokuwa mwembamba: namba 10 ni milimita 5.26 za mraba, na namba 14 ni 2.08. Huko Australia waya wa magari uitwao wa milimita 6 hupimwa pamoja na ganda, na shaba yake ni milimita 4.6 za mraba hivi. Njia ya hakika ni kuhesabu nyuzi na kupima kipenyo cha mmoja kwa mikromita. Waya wenye nyuzi 32 za kipenyo cha milimita 0.2 una eneo la 32 × 3.14 × 0.1 × 0.1, yaani milimita 1 ya mraba.

Katika gari hutumika waya wa nyuzi nyingi, kwa maana waya wa uzi mmoja, kama ule wa ukutani, huchoka na kukatika kwa mtikisiko wa barabara za changarawe. Mwisho wa waya hubanwa katika kishikio cha shaba kwa koleo maalumu. Kiungo cha kusokotwa kwa mkono na kufungwa utepe hulegea na kuingia vumbi na kutu. Kiungo chenye ukinzani wa omu 0.05 tu, kikipitisha ampea 10, hutoa joto la wati 5 mahali padogo kama punje ya hindi. Kikipitisha ampea 98 za inveta kingemeza volti 4.9 na kutoa wati 480. Bila shaka kitaungua kabla ya hapo. Tahadhari hiyo hiyo yapasa mahali waya wa kurudi unapofungwa kwenye bodi ya gari: rangi ikwanguliwe mpaka chuma kionekane, kisha pakazwe na kupakwa grisi.

Jaribio la darasani

Vifaa: betri ya gari ya volti 12, taa ya gari ya wati 55, mita 10 za waya wa milimita 1 ya mraba, fyuzi ya ampea 10, swichi na voltimita.

1. Waya ukatwe vipande viwili vya mita 5. Taa iunganishwe na betri kwa vipande hivyo, fyuzi ikiwa karibu na nguzo chanya. Swichi iwekwe karibu na fyuzi.

2. Taa ichomolewe, swichi ifungwe, na volteji ipimwe mwisho wa waya, kisha katika betri. Vipimo viwili vitakuwa sawa.

3. Taa irudishwe na iwashwe. Vipimo virudiwe. Tofauti itakuwa robo tatu ya volti hivi.

4. Taa ikiwa bado yawaka, ncha moja ya voltimita iguse nguzo chanya ya betri na ncha ya pili iguse upande chanya wa taa. Mita itaonyesha upungufu wa njia ya kwenda peke yake, pamoja na ule wa fyuzi, swichi na viungo. Vivyo hivyo ifanyike kwa upande hasi.

5. Wanafunzi wakokotoe upungufu kwa kanuni na kulinganisha na vipimo. Kipimo kikizidi hesabu sana, watafute kiungo kilicholegea.

Mwalimu ahakikishe kwamba hakuna anayeunganisha nguzo za betri pasipo fyuzi, na kwamba pete na saa za chuma zimevuliwa. Kioo cha taa hupata moto mkali, basi kisiguswe.

Mazoezi

1. Pampu ya maji ya volti 12 huvuta ampea 4 na iko mita 4 kutoka betri. Upungufu usizidi asilimia 3. Tafuta unene wa waya na fyuzi inayofaa.

2. Waya una nyuzi 50 za kipenyo cha milimita 0.25. Tafuta eneo lake la mkato.

3. Malori na mabasi mengi hutumia volti 24. Onyesha kwamba kwa kifaa cha wati zile zile, umbali ule ule na asilimia ile ile ya upungufu, waya wenye robo ya unene watosha.

Majibu: (1) Hesabu yatoa 1.56, uchukuliwe waya wa 2.5, na fyuzi ya ampea 7.5 au 10. (2) Milimita 2.45 za mraba, unaouzwa kama 2.5. (3) Mkondo huwa nusu, na upungufu unaoruhusiwa huwa mara mbili. Basi A huwa nusu ya nusu.

Hitimisho

Mwaka 1881 mwanasayansi William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alieleza kwamba waya mwembamba hupunguza gharama siku ya kununua lakini huendelea kula umeme kila siku ya kutumika; mwenye busara hupima gharama zote mbili. Yeye alifikiria njia kubwa za umeme, lakini neno lake lalifaa gari la safari vile vile. Tofauti ya bei kati ya mita 12 za waya wa 1 na mita 12 za waya wa 6 haifikii bei ya friji, sembuse ya gari. Mwanafunzi awezaye kuzidisha na kugawanya anao uwezo wa kumshauri fundi. Fundi naye apimaye waya ukiwa kazini hatahukumu friji nzima kuwa mbovu.